Abiria Wasiopanda

"Sikilizeni hii," alisema Redio, akasogeza miwani hadi kwenye ncha ya pua.

Redio ni kinyozi. Kibanda chake kiko karibu na gati, na kila asubuhi humwacha mteja na povu shavuni ili aje kuwasomea watu wa benchi habari zilizoingia kwenye simu yake. Asubuhi hiyo pia kulikuwa na mteja ndani, ameshanyolewa upande mmoja wa ndevu, anasubiri rehema ya upande wa pili.

"Waziri wa Usafiri ametangaza," alisoma Redio kwa sauti ya kutangazia taifa, "kwamba kuanzia leo msafiri yeyote, awe mwenyeji, awe mgeni, ataweza kuzunguka visiwa vyetu vyote bila usumbufu wa aina yoyote. Boti zote zitaondoka kwa ratiba. Narudia, kwa ratiba!"

"Usirudie," alisema Bi Birika, muuza chai, bila kuinua uso kutoka kwenye jiko lake. "Mara moja imetutosha kucheka."

Benchi zima likaangua kicheko. Aliyecheka kuliko wote ni Pindo, fundi cherehani, hadi akalazimika kulegeza tai. Na kama kuna mtu ambaye siku hiyo hakutakiwa kucheka hata kidogo, ni yeye.

Pindo alikuwa amevaa suti ya kijivu aliyojishonea mwenyewe, viatu vinang'aa, kidevu laini. Binti yake wa mwisho alikuwa anaolewa alasiri ile ile, ng'ambo, Kisiwa Kidogo. Harusi ya binti yake mkubwa Pindo alifika viti vikikunjwa. Mahafali ya mwanawe wa kiume alifika kesho yake, akapiga picha na geti la shule. Mara zote sababu ilikuwa boti. Safari hii binti alimpigia simu mapema na hakuzunguka mbuyu. "Baba, umenishonea gauni na nashukuru. Lakini gauni likikwama, nitaazima kwa rafiki zangu. Wewe ukikwama, baba nitamwazima wapi?" Pindo aliapa kwa kila alichonacho kwamba atafika. Aliapa hadi kwa cherehani yake, na fundi haapi kwa cherehani hivi hivi.

Sasa mtu atauliza, kama mambo yalikuwa mazito kiasi hicho, na boti ya kwenda Kisiwa Kidogo iko pale mbele ya macho yake imefungwa kamba, kwa nini alikuwa bado amekaa benchi? Anayeuliza hivyo si mtu wa gati lile.

Boti ya pale haiondoki mpaka ijae. Hilo kila mtu analijua na hakuna anayeona ajabu. Ajabu ni mtu mzima kuingia kwenye boti tupu. Turubai lake limechanika, viti vyake ni vya bati, na jua likishapanda bati linakupiga pasi suruali ungali umeivaa. Halafu boti iliyofungwa huyumba vibaya kuliko inayokwenda, kwa hiyo mtu anaweza kutapika safari nzima kabla safari haijaanza. Mwenye akili zake hutanguliza kitu. Begi, mwavuli, ndoo, hata ndara moja ya mguu wa kushoto, chochote. Anakiweka kwenye kiti, anarudi zake kivulini. Nahodha mmoja aliwahi kuuondoa mwavuli ili amkalishe abiria aliye hai, na benchi likamgomea hadi akaja kuomba radhi mbele ya birika la chai. Tangu hapo kukawa na sheria, imetungwa pale pale benchi na wenyewe wanaijua kwa moyo: kiti chenye kitu ni kiti chenye mtu.

Gauni la harusi basi lilikuwa limeshakaa kiti cha mbele kabisa, ndani ya mfuko wake wa nailoni, tangu jua halijachomoza. Pindo alilitundika kwa mkono wake mwenyewe na kurudi benchi moyo mweupe.

"Saa nne kamili!" alisema Beseni, akichungulia simu ya Redio. Beseni anauza ndoo na mabeseni, na amemwoa dada yake Pindo, kwa hiyo ana ruhusa ya kumsema Pindo popote na wakati wowote. "Wameandika boti itatoka saa nne kamili. Hivi huyu waziri amewahi kupanda boti?"

"Yeye anapanda ndege," alisema Redio.

"Ndiyo maana. Ndege inapita juu, anachungulia chini, anaona boti iko majini, anasema usafiri upo."

"Shida ya serikali," alisema Dira, "ni kudhani saa ndiyo inayoendesha boti." Dira zamani alikuwa mkata tiketi. Kazi iliisha lakini mdomo wa kazi haukuisha, na hadi leo hakuna mtu anayevuka pale bila kuelekezwa na yeye. Wapo walioelekezwa na hawakuonekana tena. "Boti ni watu. Watu hawajawa tayari, boti haijawa tayari. Utaitoaje?"

"Kwa ratiba," alisema Bi Birika.

"Ratiba! Ile pale ukutani? Mama, ile ratiba tunaiheshimu sana. Ndiyo inayoziba ufa, upepo usitupige mgongoni."

Wakacheka tena. Ndipo alipotokea mgeni.

Alikuwa mwanamke kijana, kofia pana, begi mgongoni kubwa kuliko yeye mwenyewe, mafuta ya jua yamebaki meupe puani. Aliisoma ratiba ukutani, akaitazama boti, akawageukia.

"Shikamooni. Samahani, ningependa kuuliza. Je, boti hii ndiyo iendayo Kisiwa Kidogo?"

Kiswahili chake kilinyooka kama shati lililotoka kupigwa pasi. Pindo, ambaye hapendi kitu kilichokunjamana, alimpenda papo hapo.

"Marahaba," waliitikia wote kwa mpigo.

"Huyu anaongea kama taarifa ya habari," Beseni akanong'ona.

"Ndiyo yenyewe, binti," alisema Dira, ameshakaa sawa kwa kazi. "Unataka kwenda wapi na wapi?"

"Visiwa vyote. Nina wiki moja."

Benchi lilimtazama kwa huruma.

"Wiki moja," alisema Dira taratibu. "Mimi nina mvi hizi na bado sijavimaliza. Haya, nisikilize vizuri. Kisiwa Kidogo ni rahisi, unaiona boti. Kisiwa Kirefu je? Ukitaka kufika Kisiwa Kirefu, usiende Kisiwa Kirefu. Unakwenda Kisiwa Kidogo, unamtafuta mke wa fundi baiskeli, unamuuliza kama mumewe karudi. Akisema karudi, boti ipo. Akisema hajarudi, boti anayo yeye."

"Na kama mke mwenyewe hayupo?"

"Basi wameondoka wote wawili na boti, itabidi ukae mpaka warudi. Watu wa kule ni wakarimu, wengine walikwenda kwa siku moja tu, wameshajenga."

"Usimpoteze mgeni!" alidakia Redio. "Binti, achana na fundi baiskeli. Panda gari la mchanga linalokwenda upande wa pili, shuka penye duka lililofungwa."

"Maduka yaliyofungwa ni mengi," alisema Beseni.

"Lile lililofungwa zaidi."

"Nalo limefunguliwa juzi."

"Basi ashuke kabla yake!"

Mgeni alikuwa akigeuza kichwa huku na huku, uso umejaa heshima. "Nawashukuru nyote. Lakini ratiba inasema boti hii itaondoka saa nne, nami naona ni karibu saa nne. Kwa hiyo nitaketi ndani."

"Ndani ya nini?" aliuliza Dira.

"Ndani ya boti."

Bi Birika aliacha kukoroga. Beseni alishika tama. Pindo, kwa roho yake nzuri, aliinuka kabisa ili amwokoe mtoto wa watu.

"Binti yangu, utaungua. Boti haina mtu. Weka hilo begi tu, uje unywe chai. Ikikaribia kujaa tutakwenda wote pamoja, sisi sote hapa tunakwenda huko huko. Namwoza binti yangu leo."

"Hongera sana!"

"Asante. Lile gauni la mbele ni lake."

"Basi nitakaa karibu nalo, nilitunze lisilowe. Nawe je, utapanda lini?"

"Mimi? Niko nyuma yako," alisema Pindo, akakaa.

Walimtazama akiingia, akishusha begi lake, akijifunika kitambaa kichwani na kukaa kimya juani kati ya gauni na mwavuli wa Dira. Kulikuwa pia na ndoo na mabeseni ya Beseni, ndara ya Redio, na furushi, kapu na kofia ya kila abiria aliyekuwa amejibanza kwenye kivuli chochote cha gati lile. Katika boti nzima, abiria mwenye pumzi alikuwa mmoja.

"Maskini," alisema Beseni. "Kaamini."

"Wageni wanaamini kilichoandikwa," alisema Dira. "Ndiyo maana wanapotea."

Pindo alikuwa ameshapandwa na mori. Ukimpa mada ya boti unampa uwanja. Alisimama mbele ya benchi, mgongo ameipa bahari, kikombe mkononi.

"Jamani, mimi nimekaa benchi hili tangu nywele zangu nyeusi! Nimewaona mawaziri wanaingia na kutoka. Mmoja alisema atatujengea daraja, mwingine akasema atatuletea boti inayotembea juu ya maji kama buibui. Iko wapi? Boti hii haijawahi kuondoka saa nne, na haitaondoka saa nne, hata waziri aje aisukume kwa mikono yake miwili!"

"Sema tena!" alisema Redio.

"Hata alete na mkewe!"

"Fundi," alisema Bi Birika, "injini imewaka."

"Nahodha anaipasha moto," alisema Dira. "Injini za siku hizi zinataka kubembelezwa."

"Kamba imefunguliwa."

"Anaikaza. Ilikuwa imelegea."

"Boti inageuka."

"Anaitafutia kivuli."

"Dira, boti iko kwenye boya!"

"Anajaribu breki."

"Boti haina breki," alisema Beseni.

"Si ndiyo maana imefika huko?"

Pindo aligeuka. Kikombe kilimponyoka, na Bi Birika, kwa mara ya kwanza katika historia ya biashara yake, hakusema kitu kuhusu kikombe. Fundi alichapa mbio hadi ukingoni mwa gati, akavua koti, akalipeperusha juu kwa mikono miwili huku akipiga kelele. Kule kwenye boti mgeni alimwona. Akainuka, akampungia mkono kwa furaha kama mtu anayeagwa na jamaa yake, kisha akalinyanyua gauni juu ili baba wa watu aone kwamba liko kavu.

Waliobaki gatini walitoka vivulini wakasimama wameduwaa. Kila mmoja aliiangalia boti, kisha akaitazama mikono yake mitupu.

Redio ndiye aliyekuwa na namba ya nahodha. Alipiga, akaiweka simu katikati ya benchi ili wote wasikie.

"Nahodha! Umetuacha!"

"Nimemwacha nani?" ilijibu simu, injini ikinguruma nyuma yake. "Boti imejaa."

"Imejaa nini? Haina mtu!"

"Redio, usinitafutie ugomvi. Nimepita kiti kwa kiti. Kila kiti kina kitu, na kiti chenye kitu ni kiti chenye mtu. Sheria ya nani hiyo?"

Watu wa benchi wakainamia vikombe vyao.

"Na mimi nilikwambia nahitaji kuwahi leo!" alilia Pindo. "Hukuona kwamba simo?"

"Fundi, nilikuona mbele kabisa."

"Uliona gauni!"

"Sasa mimi niende nikamchunguze mtu kavaa nini? Haya, mtandao unakatika."

Mtandao haukukatika. Alikata yeye.

Hapo sasa ndipo watu wenye mzigo wao ng'ambo na miili yao huku wangepaswa kutafuta njia ya kuifuata mizigo. Benchi lilikaa chini. Lilikuwa limepata jambo la kubishania, na jambo tamu kama lile haliachwi lipoe.

"Mimi nampongeza waziri," alianza Redio. "Ilikuwa saa nne juu ya alama. Kasema, katenda."

"Waziri gani?" Dira alifoka. "Boti imeondoka kwa kujaa! Hukumsikia nahodha? Imejaa kwa taratibu zetu, imeondoka kwa taratibu zetu. Waziri hahusiki hata kwa ukucha."

"Kwa hiyo utaratibu umefanya kazi?"

"Barabara kabisa!"

"Na umetuacha?"

"Kutuacha ni jambo jingine, usichanganye mambo."

"Mabeseni yangu je?" aliuliza Beseni.

"Shemeji wa watu, tulia. Boti lazima irudi. Mabeseni yako hayana miguu, hayatashuka. Yatageuka nayo."

"Hivyo yatakuwa yametembea bure."

"Bure na kurudi!"

Pindo hakuwa anasikia. Alikuwa amekaa pembeni ya benchi, koti magotini, amejaa aibu. Si aibu ya kuachwa, ile ameshaizoea. Aliona aibu kwamba boti ilipokuwa ikifunguliwa kamba, sauti iliyokuwa juu kuliko zote pale gatini ilikuwa yake, na mgongo uliogeuziwa bahari ulikuwa wake. Miaka yote alikuwa akiwaambia watoto wake kwamba boti ilichelewa. Leo boti haikuchelewa, na bado yuko pale pale.

Chai ya pili ilikuwa imeisha na ubishi unaendelea kuchemka simu yake ilipoita. Simu ya Pindo ni ya zamani na sauti yake haina siri.

"Baba, gauni limefika."

"Ashukuriwe Mungu, mwanangu."

"Limefika mikononi mwa mgeni mmoja, kalikumbatia kama mtoto mchanga. Kashuka anauliza kila mtu, 'Je, ni nani binti aolewaye leo?' Shangazi keshamvalisha nguo, anasaidia kupanga viti. Mabeseni ya mume wa shangazi yamefika. Mwavuli wa Mzee Dira umefika. Kuna na ndara moja hapa hatujui ya nani. Wewe uko wapi?"

"Niko njiani, mama yangu."

"Njiani wapi?"

"IMEONDOKA KWA KUJAA!" alinguruma Dira nyuma yake, akipiga benchi kwa kiganja.

Sauti ya binti ilishuka, haina tena haraka.

"Hiyo ni sauti ya Mzee Dira. Uko benchi."

"Niko... karibu na benchi."

"Baba, kiti chako nimekiweka mbele, hakina mkoba wala kofia. Watu wanakuja kuniuliza kama kina mtu. Nawajibu, kina mtu. Usinifanye mwongo siku ya harusi yangu."

Akakata. Pindo alibaki ameishika simu sikioni muda mrefu, kana kwamba bado kuna mtu upande wa pili. Macho yalimjaa maji na hakujisumbua kuyaficha. Hata Redio alikohoa akatazama pembeni.

Mwisho kabisa wa gati kulikuwa na boti ya mizigo iliyoleta mbao asubuhi. Ilikuwa na sitaha pana, tupu, na turubai jipya lililofunika toka mbele hadi nyuma. Pindo alikwenda. Alimkuta nahodha wake amelala juu ya kamba.

"Unarudi Kisiwa Kidogo?"

"Narudi," alisema nahodha bila kufumbua macho. "Wakijaa watu."

Pindo alirudi anahema. "Jamani, inukeni. Boti ya mbao inakwenda. Tukapande."

"Ina watu?" aliuliza Dira.

"Haina."

Walimtazama kama mtu aliyewatukania wazazi.

"Fundi, uchungu wa mzazi tunaujua," alisema Redio kwa upole, "lakini tusivunjiane heshima. Watu wazima sisi tukakae kwenye boti tupu?"

"Tanguliza koti lako," alishauri Dira.

"Koti haliozi binti!" alisema Pindo. "Anatakiwa baba!"

"Basi anza wewe, shemeji," alisema Beseni. "Sisi tuko nyuma yako."

Pindo aliwaangalia mmoja mmoja. Marafiki zake wa maisha yote hao, kila mmoja na kikombe mkononi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na ubaya. Alitazama vivulini. Kule abiria wengine nao walikuwa wamekaa, na macho yao hayakuwa kwenye boti ya mbao. Yalikuwa kwenye benchi. Watu wa gati lile ndivyo walivyo. Benchi likikaa, wamekaa. Wanasubiri wakubwa waone inafaa.

Jua lilikuwa limepanda. Mstari wa kivuli ulikuwa umerudi nyuma hadi unagusa vidole vya Dira.

"Mzee Dira," alisema Pindo, na sauti yake sasa ilikuwa laini, sauti ya fundi anayemwambia mteja kwamba nguo itakuwa tayari kesho. "Miguu yako inaungua."

Dira alitazama chini. "Kweli. Jua la leo lina kisirani."

"Tusogeze benchi kivulini. Shemeji, kamata huko."

"Kivuli kiko wapi?" aliuliza Beseni, ameshakamata.

"We nyanyua tu. Mzee Dira, ulikuwa unasema nini kuhusu waziri?"

Hilo ndilo lilikuwa swali la siku. Dira aliinuka na kikombe chake na hoja yake, akafuata benchi hatua kwa hatua akimnyooshea Redio kidole. "Nilikuwa nasema hivi! Kama boti iliondoka kwa ratiba, mbona haikuondoka kwa ratiba jana?"

"Jana ratiba ilikuwa haijatangazwa!" Redio alikuwa nyuma yake, miwani imeshuka mdomoni. "Mzee, huwezi kuilaumu ratiba kwa siku ambayo haikuwepo!"

"Ilikuwepo! Ilikuwa inaziba ufa!"

"Vikombe vyangu hivyo, mnavipeleka wapi?" aliuliza Bi Birika, akiwafuata mbiombio. Alifika pembeni ya Pindo, akaona wanakoelekea, akauangalia uso wa fundi uliolowa jasho. Akaelewa. "Fundi," alisema chini chini, "kumbe una akili za wizi."

"Mama, nakuomba."

Bi Birika alisimama kidogo, akageuka. Alimwachia jirani jiko, akalibeba birika kwa kitambaa, akarudi anakimbia.

Benchi lilipita ubao wa kupandia likaingia kwenye boti ya mbao, likatuliwa katikati ya sitaha, chini ya turubai. Kivuli chake kilikuwa kizuri kuliko cha ukutani. Dira alikaa bila kukatisha sentensi. Redio alikaa. Beseni alifuta jasho akakaa, akadai chai. Na kule vivulini watu waliona kitu ambacho hawajawahi kukiona tangu wazaliwe, benchi limepanda! Wakainuka wote kwa mkupuo, wanasukumana, wanavuta watoto, kila mtu anaogopa kuachwa mara ya pili siku moja. Hata yule mteja wa Redio alitoka kibandani na ndevu za upande mmoja, akaja akipayuka kwamba yeye kinyozi wake hamwachi aondoke hivi hivi.

Nahodha alifumbua jicho moja. Akaona watu. Akafumbua la pili, akaona ni wengi kweli. Pindo alimwinamia sikioni, akamwambia maneno mawili tu: "Nakuomba, ndugu." Nahodha akainuka akafungua kamba polepole, kama mtu asiyetaka kuamsha mtoto.

"Kwa hoja yako hiyo," Redio alikuwa akisema, "hata jua linachomoza kwa kujaa!"

"Ndiyo! Likijaa huko liliko, linamwagikia huku!"

"Mzee, hapo umetia chumvi."

"Mimi nina ushahidi!"

Pindo alikwenda mbele kabisa ya boti. Hakugeuka nyuma, aliogopa mtu asije akamwona usoni akashtuka. Alivaa koti, akafunga tai upya, akashika ukingo kwa mikono yote miwili. Upepo ulimpiga kifuani. Mbele, Kisiwa Kidogo kilikuwa kimeanza kutoa minazi yake mmoja mmoja, na chini ya minazi hiyo kulikuwa na kiti, na mtoto wake amesimama karibu nacho anawajibu watu. "Nakuja," alisema kwa sauti, peke yake. "Nakuja, mama yangu. Kina mtu."

Nyuma yake, chini ya turubai, Dira alikuwa amesimama juu ya benchi ili afunge mjadala mara moja.

"Mimi nimekata tiketi za gati hili nusu ya maisha yangu, na nawaambieni kwa kinywa kipana. Ya kuondoka leo imeshaondoka. Nyingine haitoki mpaka kesho!"

Wimbi likamrushia maji hadi kifuani.

Beseni alitazama kulia, akatazama kushoto. Hapakuwa na gati upande wowote. Bi Birika alimwekea kidole mdomoni anyamaze, akamjazia Dira kikombe, na nahodha akaongeza mwendo.